Majagina wa sinema: Nani alisema uhalisia ndio utu uzima?

MWAKA wa 2009, mimi na wenzangu wawili tuliketi kama jopo la kutathmini pendekezo la utafiti la mwanafunzi mmoja wa uzamili. Alitaka kulinganisha Utenzi wa Fumo Liyongo na filamu za majagina wa Marekani: Superman, Batman, Spider-Man na lile kundi la X-Men. Binti wa watu alikuwa amejiandaa vyema. Tulimsikiliza kwa dakika kumi hivi, kisha nikamwambia, mbele ya wanafunzi wenzake, kwamba sehemu ya Liyongo ni nzuri ila hiyo nyingine ni mambo ya watoto. Mwenzangu mmoja akajaribu kumwokoa. "Labda achukue ile ya Batman ya juzi," akasema, "ile angalau ina uhalisia." Binti akauliza kwa adabu, "Prof, kwani Liyongo ana uhalisia gani?"

Hatukumjibu. Tulimwambia arudi na mada nyingine, naye akarudi na mada nyingine.

Swali hilo halijawahi kunitoka. Liyongo, kama tunavyosimuliwa, hadhuriki kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Mwanawe anapomdunga, anakwenda kisimani, anapiga goti na kutega mshale kwenye upinde, kisha anakata roho katika hali hiyo hiyo. Watu wanaogopa kwenda kuteka maji kwa siku kadhaa wakidhani bado yu hai. Hayo tunayafundisha vyuoni bila hata kutabasamu. Lakini Superman akidhoofishwa na jiwe la kijani kutoka sayari alikozaliwa, tunaona ni upuuzi. Kwa nini?

Katika uhakiki wetu wa Kiswahili, neno "uhalisia" limepewa hadhi ya mzee wa kijiji. Kazi ikisifiwa kwa uhalisia wake, basi imekomaa. Ikiitwa fantasia, mara nyingi msemaji ana maana kuwa bado ni changa. Euphrase Kezilahabi alipotoa Nagona mwaka wa 1990 na Mzingile mwaka uliofuata, kuna waliouliza kama hizo ni riwaya kweli. Leo tunazitahini. Ninataka kuonyesha kwamba historia ya filamu za majagina, ambazo sisi wasomi tulizidharau, inaweza kutufundisha jambo kuhusu neno hilo "uhalisia". Katika filamu hizo, uhalisia haukuwa ukweli hata siku moja. Ulikuwa sajili, namna ya kuzungumza na mtazamaji, na kama sajili nyingine zote ulichaguliwa kwa sababu fulani na ukawa na watu uliowafungia mlango.

Hebu tuanze na chupi. Wenye haya wataiita kaptura, lakini tunajua ni nini. Vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, walipomtoa Superman katika toleo la kwanza la Action Comics mwaka wa 1938, walimvisha nguo ya kubana mwili na chupi nyekundu juu yake. Vizazi vya baadaye vimeicheka sana. Hata hivyo, kwa msomaji wa wakati huo vazi hilo halikuwa kichekesho. Wabeba vyuma wa sarakasi walivaa vivyo hivyo, na mtoto yeyote aliyewahi kwenda sarakasi alijua kuwa mtu aliyevaa hivyo ana nguvu kupita kiasi. Kwa maneno mengine, chupi ile ilikuwa uhalisia. Sarakasi zilipofifia, nguo ikabaki bila chimbuko lake, ikageuka kioja. Tuzingatie hilo tunapoendelea, kwa sababu litatokea tena na tena: kinachoonekana cha ajabu leo huenda jana kilikuwa cha kawaida kabisa.

Sinema zilipomchukua jagina huyu, tatizo la kwanza lilikuwa la kiufundi. Mwaka wa 1948 ilitolewa filamu ya mfululizo ya Superman, iliyoonyeshwa sinemani sehemu baada ya sehemu, Kirk Alyn akiwa mhusika mkuu. Alipotakiwa kuruka angani, waandaaji hawakuwa na njia ya kumrusha mtu akaonekana anaruka kweli. Walichofanya ni kumgeuza kibonzo. Unamwona mtu wa nyama na damu akijiandaa, ghafla anakuwa mchoro unaoruka, kisha anatua nyuma ya jiwe au gari na kutokea upande wa pili akiwa mtu tena. Nimeitazama mara kadhaa, na sikudhani ningeipenda namna ile. Filamu yenyewe inakiri kwamba hapa lugha yetu imefika mwisho, kwa hivyo tunaazima ya jirani.

Katika miaka ya hamsini mambo yaligeuka, na sababu haikuwa sanaa. Mwaka wa 1954, daktari wa magonjwa ya akili Fredric Wertham alichapisha kitabu kilichodai kuwa vijitabu vya katuni vinawaharibu watoto. Kamati ya Seneti ya Marekani ikaketi kusikiliza malalamiko hayo. Wachapishaji, kwa kuhofia kuwekewa sheria, wakajiwekea kanuni zao wenyewe: wema lazima ushinde, polisi wasidharauliwe, mazimwi wa aina fulani wasionekane. Hadithi za uhalifu wa mitaani zikawa ngumu kuandika. Je, unadhani waandishi walifanya nini? Walikimbilia anga za juu. Batman, ambaye alianza kama mpelelezi wa usiku, akajikuta akipambana na viumbe kutoka sayari nyingine. Wanaodhani kwamba fantasia huzaliwa na ubunifu usio na mipaka wangefaa kukumbuka kipindi hiki, kwani hapa ilizaliwa na woga.

Kutoka katika woga huo kikachipuka kipindi cha runinga cha Batman cha mwaka wa 1966, kikiwa na Adam West. Kilidumu hadi 1968 na kikafikisha vipindi 120, pamoja na filamu moja ya sinemani iliyotoka mwaka ule wa kwanza. Mimi kama mtu wa isimu nina deni kwa kipindi hiki. Ngumi ikitua, maneno makubwa ya rangi yanajaa kwenye kioo: sauti ya pigo, sauti ya mtu kuanguka, sauti ya mbao kuvunjika. Tanakali za sauti zilitolewa ukurasani zikapewa nafasi sawa na waigizaji. Sisi tunaosema mtu ameanguka pu, ametumbukia majini chubwi, amezabwa kofi pwa, hatupaswi kushangaa. Tanakali hufanya kazi ambayo kitenzi pekee hakiiwezi, na waandaaji wale waliligundua hilo.

Wengi hukumbuka kipindi hicho kama mzaha mtupu. Nadhani wanakosea. Tazama uso wa West. Katika ile filamu ya 1966, papa anaponing'inia mguuni mwake juu ya bahari, anaomba dawa ya kupuliza ya kufukuzia papa, na msaidizi wake anamletea. Hacheki. Anakimbia huku na huko gatini akiwa na bomu mkononi, asipate pa kulitupa kwa sababu kila aendako kuna watawa, wapenzi au bata, na bado hacheki. Mtoto aliyekuwa akitazama aliona ushujaa, na mzazi aliyeketi kando yake aliona kichekesho. Sentensi moja ilikuwa na maana mbili, kila mtu akachukua yake.

Richard Donner alipopewa kazi ya kuelekeza Superman iliyotoka mwaka wa 1978, kivuli cha Adam West kilikuwa bado kirefu. Watu walitarajia mzaha. Donner alibandika ofisini neno moja la kuwakumbusha wote lengo lao, neno ambalo kwa Kiswahili ningelifasiri kama kushabihi ukweli. Angalia vizuri, hakuandika "ukweli". Matangazo ya filamu hiyo pia yaliwaahidi watu kwamba wataamini kuwa mtu anaweza kuruka. Hayakudai kwamba mtu anaweza kuruka kweli. Mambo hayo mawili ni tofauti kama usingizi na kifo.

Mbinu ya Donner ilikuwa ya kisarufi. Alitumia sajili tatu katika filamu moja. Sayari ya Krypton ni barafu na mavazi meupe, na watu huko huzungumza kwa uzito wa kitabu kitakatifu. Mashamba ya Kansas ni jua la jioni na ukimya. Jiji la Metropolis ni kelele, mzaha na simu zinazolia. Christopher Reeve alipita katika ulimwengu wote huo akibadilisha mabega, sauti na hata urefu wake, hivi kwamba tuliamini miwani peke yake inaweza kumficha mtu. Halafu, mwishoni, Superman anaizunguka dunia kwa kasi hadi wakati unarudi nyuma ili amfufue mpenzi wake. Hakuna tukio lisilowezekana kuliko hilo katika filamu zote ninazozitaja leo. Lakini ukumbi wa sinema ulilimeza, kwa sababu Donner alikuwa ametumia saa mbili kulipa deni la imani.

Nitapita haraka miaka iliyofuata. Mwaka wa 1986, Frank Miller alimwandika Batman mzee na mwenye hasira, na Alan Moore pamoja na mchoraji Dave Gibbons wakaanza Watchmen, kazi iliyowauliza majagina wenyewe kama wana akili timamu. Hadithi za katuni zikaanza kuitwa fasihi ya watu wazima. Tim Burton akafuata na Batman ya mwaka wa 1989, na tangu hapo watu wamekuwa wakichanganya giza na uhalisia. Ni mambo mawili mbalimbali. Gotham ya Burton, iliyojengwa katika studio za Pinewood kule Uingereza na kumpa msanifu wake Anton Furst tuzo ya Oscar, ni jiji la ndoto mbaya. Ina giza totoro, ila hakuna mtu angeweza kuishi humo na kulipa kodi ya nyumba. Baadaye Joel Schumacher akawasha taa zote. Kufikia Batman & Robin ya mwaka wa 1997, Arnold Schwarzenegger alikuwa akicheza na maneno yanayohusu barafu karibu kila alipofungua kinywa. Filamu ile ilichekwa vibaya, na Batman hakurudi sinemani kwa miaka minane.

Ninataka kutulia zaidi kwenye mwaka wa 2000, kwa sababu hapo ndipo suala hili linapotugusa sisi.

X-Men ya Bryan Singer inaanzia katika kambi ya mateso ya Wanazi nchini Poland mwaka wa 1944, mvulana Myahudi akitenganishwa na wazazi wake langoni. Ndiyo njia nzito kuliko zote ya kumwambia mtazamaji asicheke. Majagina wenyewe walivuliwa rangi zao za katunini, wakavishwa ngozi nyeusi. Kuna hata utani katika filamu kuhusu nguo za manjano walizokuwa wakivaa vitabuni, yaani filamu inaucheka ukoo wake kabla wewe hujaucheka. Nimewaona watu wakifanya hivyo mijini: mtu anaitania lahaja ya kwao haraka haraka ili asije akataniwa.

Miongoni mwa majagina hao yumo Storm, mwanamke anayetawala hali ya hewa. Len Wein na Dave Cockrum walimuumba mwaka wa 1975, na katika toleo hilo la kwanza anapatikana Kenya, watu wakimwomba mvua kama mungu wa kike. Hadithi za baadaye zikampa mama Mkenya. Haya, Kenya ile ya katuni ina kasoro zake. Watu wake hupiga magoti tu, hawana majina, na sijui ni kata gani ya nchi hii inayofanana na ile. Hata hivyo, alikuwapo: mwanamke Mwafrika ambaye radi humtii.

Filamu ya mwaka wa 2000 haikutuonyesha Kenya wala waombaji wa mvua. Storm amekuwa mwalimu katika shule ya kifahari ya Marekani, amevaa ngozi nyeusi kama wenzake. Halle Berry, aliyemwigiza, alijaribu lafudhi ya kiafrika katika filamu hiyo. Ilikuwa lafudhi dhaifu, kusema kweli, isiyojulikana imetoka upande gani. Kufikia filamu ya pili, mwaka wa 2003, ilikuwa imeyeyuka kabisa. Sisemi kwamba kulikuwa na njama. Uhalisia uliingia na orodha yake ya mambo yanayoaminika. Kambi ya Poland iliaminika. Mvulana anayekunja chuma kwa hasira aliaminika, mradi uwe umeona alivyoumizwa. Mungu wa mvua kutoka Kenya hakuaminika, hivyo akavuliwa pamoja na nguo za manjano. Mwanafunzi wetu wa 2009 alikuwa na ukurasa mzima kuhusu jambo hili katika pendekezo lake. Nakumbuka niliufunua upesi.

Kisha likaja tukio la Septemba 11, 2001. Tangazo la filamu ya Spider-Man lililoonyesha helikopta ikinaswa kwenye utando kati ya yale majumba mawili ya New York liliondolewa mara moja. Filamu yenyewe, iliyoelekezwa na Sam Raimi na kutolewa mwaka wa 2002, ilibaki na rangi na machozi ya katuni, ila wakazi wa New York wakapewa tukio la kumrushia adui vitu kutoka darajani. Hofu ya wakati ule ilihitaji mahali pa kutua, na kwa Christopher Nolan ikatua kwa Batman.

Katika Batman Begins ya mwaka wa 2005, kila ajabu ina stakabadhi. Gari lilibuniwa kwa ajili ya jeshi. Kitambaa cha joho kilitoka katika maabara ya kampuni ya familia. Kofia ya popo inaagizwa kiwandani, na kwa sababu mteja wa kofia moja atazua maswali, wanaagiza 10,000. Napenda sana tukio hilo. Tungeweza kuuita uhalisia wa risiti: jambo linaaminika kwa kuwa tumeonyeshwa lilivyonunuliwa. The Dark Knight ya mwaka wa 2008 ikaendelea mbele zaidi. Ilipigwa katika mitaa halisi ya Chicago, lori kubwa likabinuliwa kweli kweli barabarani, na Batman akageuza simu za jiji zima kuwa vifaa vya kupeleleza watu wakati ambapo Wamarekani walikuwa wakibishana kuhusu serikali yao kusikiliza simu. Ilipata zaidi ya dola bilioni 1, na Heath Ledger, aliyekuwa amekwisha kufariki, akapewa tuzo ya Oscar kwa kumwigiza Joker.

Hiyo ndiyo filamu ambayo mwenzangu wa jopo aliiita ya uhalisia. Ni filamu bora, sibishi. Lakini ndani yake kuna wakili ambaye nusu ya uso wake imeungua hadi mfupa, jicho halina kope, naye anatembea mjini akizungumza kwa ufasaha bila hata kudondokwa na mate. Joker naye anapanga mambo kumi yanayotegemeana, na yote yanatokea kwa dakika aliyotaka. Hapa nyumbani kupanga harusi tu kunatushinda. Tulichokiita uhalisia kilikuwa rangi ya kijivu, muziki mzito, barabara tunazozitambua na watu wasiotabasamu. Ni mtindo. Mtindo ulio na mamlaka makubwa, lakini mtindo tu.

Mwaka huo huo wa 2008 ilitoka Iron Man, na hiyo ilichukua njia nyingine. Ilianza kwa uhalisia wa risiti vilevile: mfanyabiashara wa silaha anatekwa Afghanistan na kujitengenezea vazi la chuma pangoni. Kisha Marvel wakafanya kama afanyavyo mwalimu mzuri wa lugha, asiyemtwika mwanafunzi ngeli zote siku moja. Mwaka wa 2011, katika Thor, tulielezwa kwamba kinachoonekana kama uchawi ni sayansi tu tusiyoijua, na tukapewa miungu na daraja la rangi za upinde wa mvua. Kufikia Guardians of the Galaxy ya mwaka wa 2014, maelezo yalikuwa hayahitajiki tena. Tuliletewa rakuni anayezungumza na kubeba bunduki, na mti unaotembea, na hakuna aliyedai risiti. Nadhani jambo kama hilo ndilo lililotutokea sisi kwa Nagona. Baada yake K.W. Wamitila alitupa Bina-Adamu! mwaka wa 2002 na Musaleo! mwaka wa 2004, na wasomaji wengi waliofika huko walikuwa wamekwisha kujifunza sarufi yake.

Mti huo unaitwa Groot, na maneno yake ni matatu tu, ya kujitaja kwamba yeye ni Groot. Huyarudia filamu nzima. Anapouliza, ni hayo. Anapokataa, anapoomboleza, ni hayo hayo. Rakuni mwenzake humwelewa barabara na kumjibu kwa sentensi ndefu, nasi tunaelewa kupitia majibu hayo na kupitia kiimbo cha Vin Diesel, aliyetoa sauti hiyo na kuirekodi katika lugha kadhaa. Kisha kuna tukio moja ambapo neno moja linabadilika, "mimi" linakuwa "sisi", na watu wazima wakalia sinemani. Kwa miaka mingi nimefundisha pragmatiki kwa mifano ya mtu anayesema "kuna baridi humu" akimaanisha funga dirisha. Siku hizi natumia mti.

Wapo wanaoieleza historia hii kama bembea: inakwenda kwenye uhalisia, inarudi kwenye maajabu, inakwenda tena. Maelezo hayo ni rahisi, ila hayasimami. Logan ya mwaka wa 2017, inayomwonyesha jagina mzee, mgonjwa, akimhudumia mwalimu wake aliyepoteza kumbukumbu, na Thor: Ragnarok yenye rangi za peremende, zilitoka mwaka mmoja. Desemba 2018 ilitoka Aquaman, ambamo pweza anapiga ngoma. Oktoba 2019 ikatoka Joker, isiyo na ajabu hata moja, iliyoshinda Simba wa Dhahabu kule Venice. Zote mbili zilipita dola bilioni 1. Hiyo bembea ilikuwa upande gani? Watu wana zaidi ya sajili moja vichwani mwao, kama vile wewe msomaji unavyoweza kusikiliza hotuba ya mazishi asubuhi na Sheng ya matatu jioni.

Na zile tanakali za sauti zilirudi. Katika Spider-Man: Into the Spider-Verse ya mwaka wa 2018, filamu ya vibonzo iliyotwaa Oscar, maneno ya sauti yanatokea tena kwenye kioo, pamoja na visanduku vya mawazo na zile nukta nukta za uchapishaji wa bei nafuu wa zamani. Safari hii hakuna aliyeyacheka. Hata nukta, ambazo zilikuwa kasoro ya karatasi duni, zilichorwa upya kwa kompyuta kwa jitihada kubwa.

Mwaka huo wa 2018 pia ndio wa Black Panther. Wakanda ilibuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka wa 1966, ule ule wa Adam West. Filamu ilipozinduliwa Kisumu mwezi wa Februari, kwa heshima ya Lupita Nyong'o, mimi niliitazama baadaye Nairobi nikiwa na binti yangu. Nilikwenda na manung'uniko yangu tayari: iweje nchi inayosemekana iko upande huu wetu wa Afrika izungumze Kixhosa, lugha ya kusini kabisa, na Kiswahili kipo? Baadaye nikajua sababu. Mzee John Kani wa Afrika Kusini, aliyemwigiza mfalme katika Captain America: Civil War ya mwaka wa 2016, alipendekeza lugha yake mwenyewe itumike mfalme anapozungumza na mwanawe. Ikakubaliwa, na filamu iliyofuata ikaijenga nchi nzima juu ya uamuzi huo. Manung'uniko yangu yakapungua, ingawa hayakwisha.

Lakini tazama kilichotendeka. Hapa lafudhi haikuyeyuka. Mizimu ya wafalme inaonekana mtini katika umbo la chui weusi chini ya anga ya zambarau, na hakuna anayeomba radhi kwa hilo. Filamu haikuuzima uajabu wake ili iaminike, na ikawa filamu ya kwanza ya majagina kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora, ikatwaa tuzo tatu za mavazi, usanifu na muziki. Miaka kumi na minane tangu Storm avuliwe, maajabu ya Kiafrika yalikuwa yameingia kwa mlango wa mbele. Nilikaa kwenye kiti changu hadi majina yote yakaisha. Binti yangu alidhani nimelala.

Turudi kwenye chupi. Man of Steel ya mwaka wa 2013 iliiondoa, ikampa Superman vazi la kijivu-buluu lenye magamba, zito kama la askari. Mwaka wa 2025, James Gunn alitoa Superman mpya yenye mbwa anayeruka akiwa na joho lake, na chupi nyekundu ikarudi juu ya suruali. Gunn alisema kwamba alikuwa akisitasita, na mwigizaji wake David Corenswet ndiye aliyemshawishi: mgeni mwenye nguvu za kutisha, anayetaka watoto wasimwogope, atavaa nini kama si kitu cha kuchekesha? Kwa hiyo chupi ile, iliyoanza kama nguo ya kawaida ya sarakasi na baadaye ikawa aibu, sasa imepata sababu ya ndani ya mhusika.

Nilipotoka kuitazama, nilimtafuta yule mwanafunzi wetu wa 2009. Haikuwa rahisi kumpata. Anafundisha shule moja ya upili nje ya Nairobi. Nilimwomba radhi. Alicheka, akasema ni mambo ya zamani, Prof, kisha akanyamaza kidogo. Nikamuuliza kama lile pendekezo bado analo. Kompyuta ilikufa kitambo, akanijibu, lakini ipo nakala ya karatasi, ile tuliyoichora kwa kalamu nyekundu. Nimemwomba aniletee. Nataka kusoma ule ukurasa kuhusu Storm nilioufunua upesi.